Moteri ya Dyna Ndani ya Starlet, na Mimi Nyuma Yake

Lweba, mwezi wa tatu, mwaka wa 2001

Kwa Baba Isidore, mukwe wangu mwenye heshima, baba mzazi wa Placide, Kazimia

Baba Placide,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako. Natumaini pia mashua zako bado zinavuka salama, na kwamba wale wenye bunduki wanaoziazima bado wanakumbuka kuzirudisha. Sisi hapa Lweba tupo. Kukinyamaza tunalima, kukianza kelele tunakimbia, na kati ya hayo mawili tunapika.

Siandiki kwa hasira. Hasira niliimaliza wiki iliyopita, na utasikia niliimalizia kwa nani. Naandika kama mama aliyekupa binti yake Chérie mbele ya kanisa zima. Nawe siku ile uliwapa watoto wetu gari lako dogo, ile Starlet nyekundu, mlango wake wa nyuma unafunguka kwenda juu kama mdomo wa kiboko. Lilikuwa gari la adabu. Likifika kwenye mlima wa Fizi lilikuwa linasimama lenyewe na kuomba watu washuke, na watu walikuwa wanashuka, wanalisukuma taratibu huku wakiulizana habari za wazazi. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunapata habari za wazazi. Mwanao ameliharibu tabia gari lile. Nakuletea malalamiko yangu kwa namba, kama tulivyofundishwa shuleni, ili usiseme kwamba mama huyu anachanganya mambo.

La kwanza: moteri, yaani injini ya gari lile.

Unalijua lile kamio la Dyna, lori la mizigo lililoungua upande wa nyuma karibu na mto Mutambala, wakati watu walipokimbia. Lilibaki pale masika nzima, mbuzi wakalifanya nyumba. Placide akaenda kulitazama pamoja na Saleh, fundi wa Baraka ambaye kofia yake ya Ijumaa imekuwa nyeusi kwa mafuta. Wakarudi wanacheka. Kucheka kule kulinitia wasiwasi. Kesho yake wakang'oa moteri ndogo ya Starlet na kuleta ile ya kamio. Haikuingia. Wakakata chuma cha mbele, wakachoma, wakapiga nyundo. Haikuingia. Mtu mwingine angeielewa ishara hiyo akaenda kulala. Wao waliondoa kifuniko cha mbele, wakaiacha moteri ichungulie nje kama mzee anayeoga ndani ya ndoo. Rejeta wakaifunga mbele kabisa kwa kamba za mpira, na sasa kila mdudu anayeruka katika Fizi amekwisha kufahamiana nayo.

Basi gari likainama pua. Likawa linatembea kama mbuzi anayenusa njia. Magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yanayosukuma, yakawa mepesi, na kwenye tope yalikuwa yanazunguka tu bila kwenda popote. Placide akatia magunia ya mawe kwenye kiti cha nyuma. Nakuomba usiyasahau mawe hayo unaposoma sehemu inayofuata.

La pili: heshima.

Wewe ni mtu mzima, desturi ya ukwe unaijua. Mimi na Placide hatutazamani. Hatuli pamoja. Nikitokea njiani, yeye anaingia majanini mpaka nipite. Kwa upande huo sina neno juu yake, kijana amelelewa. Kwa hiyo siku Chérie aliponijia na kusema, "Mama, Placide anasema gari haiendi tena Baraka bila weye. Anasema mama umeteseka sana na kutembea kwa miguu," nililia. Placide alitundika pazia la kikwembe chenye maua kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, tusionane. Nikakaa nyuma peke yangu, kiti kizima. Sokoni, kwenye misiba, kwenye mikutano ya bamama, kila mahali alinipeleka. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Wenzangu ambao wakwe zao waliwapa mbuzi tu wakajifanya wanatafuta ukurasa wa wimbo.

Sasa sikiliza. Siku moja tulikuwa Baraka, kando ya soko, mvua imetoka kunyesha. Nikagonga pazia kuonyesha kwamba nataka kushuka nimsalimie shangazi yangu. Nikaweka miguu chini. Nyuma yangu nikasikia gari linapumua kama mtu aliyetua mzigo, matako yake yakainuka, magurudumu yakaanza kuzunguka na kurusha tope juu ya ndagala za wauza samaki. Saleh akatoa kichwa dirishani, akapiga kelele mbele ya soko lote:

"Mama arudie! Mama arudie nyuma, gari inapiga pua chini!"

Kisha akamwambia Placide, kwa sauti ya chini, lakini soko lilikuwa limekwisha kunyamaza: "Si nilikuambia? Mawe haikuwa inatosha. Huyu mama ndiye alituokolea."

Baba Placide, nilikuwa nimechukua nafasi ya mawe.

Mwili wangu siuonei haya. Katika vita hivi ambavyo vimewakausha watu mpaka nguo zao zinatembea zenyewe, kwamba mimi bado najaza kiti ni neema ya Mungu na ya muhogo. Lakini kupandishwa ni jambo moja, na kupakiwa ni jambo jingine. Nilirudi ndani ya gari kwa sababu Lweba ni mbali. Nilikaa kwa uchungu mkubwa, kwa uzito wangu wote, na wanasema siku ile gari lilishika barabara vizuri kuliko siku zote.

La tatu: sauti.

Gari la ukubwa wa banda la kuku haliwezi kuwa na sauti ya kamio la askari. Ni uongo unaotembea. Kila Placide anaporudi kutoka Baraka, Lweba inakimbia. Wavuvi wanajitupa majini, bamama wanabeba sufuria zikiwa bado za moto, wazee wanaingia kwenye mashamba ya mihogo wakisukumana kama vijana. Halafu kwenye kona inatokea Starlet, nami nyuma ya pazia, nainua mkono kusalimia kijiji kisichokuwa na mtu. Mke wa watu anatoka safari, hakuna hata mmoja wa kumpokea kikapu. Tumemkimbia Placide mara nyingi kuliko tulivyokimbia vita vyenyewe.

Kwenye bariere ya Mutambala, pale askari wanapofunga njia kwa kamba, hata wao wenyewe walikuwa wanaiacha kamba na kuingia matete. Placide hawezi kusimama kuwaeleza, kwa sababu moteri ni ya kamio lakini breki zilibaki zile zile za gari dogo. Anaomba radhi kwa honi, akipita. Mwishowe kamanda wao akaweka gogo njiani, mbali kabisa kabla ya bariere, tukaliona mapema, tukalifikia taratibu. Akalizunguka gari. Akainua pazia. Akaniona.

"Kamio iko wapi?" akauliza.

"Ndiyo hii, shefu," Placide akasema.

Akaitazama moteri, akanitazama mimi. "Na huyu mama?"

Saleh hana adabu. Akajibu: "Huyu ni piesi ya gari, shefu."

Kamanda akashusha pazia polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akaturuhusu kupita. Mimi, Florentine, niliyebatizwa, niliyeolewa kwa pete, nimeandikishwa kwenye bariere kama kipuri.

La nne: kuku wangu hawatagi. Hapa sina la kuongeza.

La tano: jina la mjukuu wetu.

Hili nitalieleza vizuri kwa sababu najua Placide alikuandikia kwa namna yake. Uchungu ulimshika Chérie asubuhi. Mvua ilikuwa haijakatika, na upande wa Mboko bunduki zilikuwa zinaongea. Watu walikuwa wanafunga mizigo. Mkunga wetu wa kijiji akamshika tumbo, akanivuta pembeni, akasema mtoto amelala vibaya, mpelekeni Baraka sasa hivi, msiningoje mimi niseme mara ya pili. Tukamlaza kwenye kiti cha nyuma, kichwa chake juu ya mapaja yangu. Alikuwa ananishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua kwamba anayo.

Mutambala ilikuwa imepanda juu ya barabara. Hapo nitakuwa mkweli: Starlet ya zamani ingefika pale, ingesimama, na ingeomba watu washuke. Ingekuwa bado inaomba mpaka leo. Placide aliingia majini. Maji yakaja miguuni mwetu, moteri ikanguruma, nyuma ikaanza kuteleza kuelekea ziwani, na mukwe wangu, ambaye tangu kuoa alikuwa hajawahi kunisemesha, akapiga kelele kupitia pazia: "Mama! Kandamiza!"

Nikakandamiza, Baba Placide. Sijui nilikandamiza namna gani, lakini nilijishusha kwa mwili wote, nikamshikilia mtoto wangu, nikaanza Zaburi kwa sauti, nikahisi magurudumu yameuma chini. Tukatoka majini. Tukapanda lile tope. Tulifika kwenye hospitali ya uzazi kabla sijamaliza Zaburi, nikalazimika kuimalizia kwenye varanda, jambo ambalo si la heshima kwa neno la Mungu. Mkunga wa pale Baraka alituambia baadaye kwamba tungechelewa kidogo tungezika wawili. Nilisimama nimeegemea ukuta, nikalia mpaka kikwembe kikalowa. Upande wa pili wa ukuta nilisikia mtu mwingine analia. Sikutazama, kwa sababu ya desturi, lakini nilijua ni nani.

Mpaka hapo sina lalamiko. Lalamiko ni jina. Placide aliomba, kwa kumtuma Chérie, mtoto aitwe Dina. Nikafurahi. Dina, binti wa Yakobo! Nikamwambia pasta, pasta akatayarisha mahubiri. Siku ya kumleta mtoto kanisani, pasta akasimulia habari za Dina katika kitabu cha Mwanzo. Saleh tulikuwa tumemwalika kama rafiki wa nyumba, amekaa nyuma kwa utulivu na kofia yake. Akamwegemea jirani yake akasema, na kwaya nzima ikasikia:

"Loo! Kumbe kamio iko ndani ya Biblia!"

Ndivyo nilivyojua kwamba mjukuu wangu wa kwanza ana jina la kamio.

La sita, ambalo ndilo lililonifanya nitafute karatasi.

Kwa sababu ya lile la tatu, Lweba iliacha kukimbia. Watu walichoka. Sauti ikisikika, walikuwa wanasema tu, "Ni Placide," wanaendelea kuchambua majani ya sombe. Mchana mmoja nilikuwa nasonga ugali, Dina amelala kwenye mkeka kivulini. Sauti ikaja kwa njia ya Lusenda. Hakuna aliyeinuka. Mvuvi mmoja akasema, "Leo amerudi mapema." Sauti ikaingia mpaka uwanjani kwangu, ikasimama pale, ikaendelea kunguruma. Dina akaamka akilia.

Hapo kitu kilinikatika ndani. Nilijifunika uso kwa kikwembe ili nisimwone mukwe wangu, nikageuka mgongo kwa heshima, na nikatembea kinyumenyume mpaka kwenye gari. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsemesha moja kwa moja.

"Zima hiyo kitu!" nikasema. "Hauna haya? Mutoto analala, kuku hazitagi, na weye unanguruma kama unakuja kututeka! Ulinifanya mawe, nikanyamaza. Ulimuita mutoto kamio, nikanyamaza. Leo sinyamazi. Shuka hapo! Nawa miguu! Halafu ende upasue kuni, maana kazi ya kushika usukani haiivishi ugali!"

Nikapiga chuma kwa mwiko niliokuwa nao mkononi. Moteri ikazimika.

Nikaanza kufikiri kwamba chuma nilichokipiga kilikuwa juu sana. Starlet haifiki pale. Halafu sauti ya kijana ikatoka juu ya kichwa changu:

"Pardon, mama. Mi si Placide."

Nikainua kikwembe kidogo. Nikaona buti. Nikakiinua tena. Kamio zima, Baba Placide, limejaa vijana wenye bunduki, na wote wameinamisha vichwa kama wanafunzi mbele ya mkuu wa shule. Nyuma yangu kijiji kizima kilikuwa kimekaa, sufuria ziko motoni, mbuzi wote wako uwanjani, hakuna hata mmoja aliyekimbizwa. Walikuwa wamekuja kwa ajili ya mbuzi. Sisi tulijua, na wao walijua kwamba tunajua. Mmoja alikuwa ameshika kamba mkononi. Lakini naona hawakufundishwa namna ya kuanza kupora kijiji kinachowaambia wakanawe miguu.

Mkubwa wao akauliza Placide ni nani.

"Ni mukwe wangu," nikasema.

"Pole, mama," akajibu, na nilisikia kwamba anasema kwa moyo. Labda naye ana mama mukwe mahali.

Nilipotazama pembeni, wawili wao walikuwa wamekwisha kushuka, wanapasua kuni. Yule mwenye kamba akaona haya, akaitumia kufunga mafungu. Wakaomba maji, wakanywa, wakauliza njia ya Fizi. Na wakati wa kuondoka, Baba Placide, walilisukuma kamio kwa mikono mpaka ng'ambo ya kanisa ndipo wakaliwasha, mtoto asiamke tena.

Nilikaa chini juu ya kuni zile mpaka jioni. Placide aliporudi, watu walimbeba mabegani. Wanasema moteri yake imeokoa mbuzi wa Lweba. Mimi hakuna aliyenibeba; nakubali kwamba hilo lina sababu zake. Lakini mimi jambo hili naliona kwa njia nyingine: mwanao amenifanya nitukane jeshi kwa mwiko.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Umwamuru Placide airudishe moteri ya kamio kule mtoni alikoitoa, na aiweke tena ile ndogo, gari lirudie adabu yake ya kusimama mlimani. Lazima nikujulishe kwamba ile moteri ndogo Saleh aliifunga kwenye kinu cha kusagia mihogo nyuma ya kanisa, na bamama wa Lweba wamesema atakayeigusa watamsaga yeye. Hayo ni mambo yao. Unga wake ni mzuri, sikatai, lakini kanuni ni kanuni.

Umwamuru pia atafute mawe.

Na asipotii, nitamchukua Chérie na mtoto nitawarudisha nyumbani kwangu. Ni kweli kwamba wanaishi kwangu tangu vita vilipowatoa Kazimia, na kwamba Placide mwenyewe anakula kwangu kila siku, upande wa pili wa ukuta. Lakini nitawarudisha kwa uchungu, na tofauti wataiona.

Sina mengi zaidi, labda yale ambayo karatasi imekataa kuyapokea. Nisalimie Mama Placide sana, umwambie mbegu za kunde alizonipa zimeota. Salimia shemeji zake Chérie, wakubwa kwa wadogo. Salimia wavuvi wako. Salimia hata wale wenye bunduki wanaokaa kwenye mashua zako, kama wamejifunza kuitikia. Dina anawasalimu babu na bibi. Ameanza kucheka, na anacheka zaidi moteri inapowaka, jambo ambalo sijalitolea maoni.

Nabaki mukwe wako katika heshima na katika Bwana,

Florentine, mama ya Chérie

N.B. Baba Placide, nimeifungua tena bahasha. Asubuhi hii nilivaa, nikachukua kikapu na barua hii, nikasimama barabarani nikingoja gari linipeleke Baraka, niikabidhi kwa mashua ya Kazimia. Gari likaja. Nikajifunika uso. Gari likapita. Halikusimama! Nikafunua, nikaona kwenye kiti changu, nyuma ya pazia langu lenye maua, amekaa Mama Émilienne wa kwaya ya Wakatoliki, anasalimia watu kwa vidole viwili kama askofu. Nimemuuliza Chérie. Anasema Placide alisikia kwamba ninaandika malalamiko, akaona anipumzishe. Anasema pia kwamba kwa Mama Émilienne gari halitelezi hata kidogo. Huo ni uongo mtupu. Mama yule ana mapana tu, uzito hana. Nusu yake ni vikwembe. Kwa hiyo tafadhali moteri iache pale pale ilipo, na ukisikia huko Kazimia kuna iliyo kubwa zaidi, itume kwa mashua ya kwanza. Lakini umwandikie mwanao leo hii, kwa mkono wako mwenyewe, kwamba kiti kile kina mwenyewe, na Mama Émilienne atafute mukwe wake.